Zege Halikauki, Linaganda: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Ujenzi Mtwara na Lindi

Kila kundi jipya la vijana wanaokuja kujifunza uashi huwa ninaliuliza swali hili kabla hawajashika mwiko: zege lililomwagwa jana jioni limefanya nini usiku kucha hata leo asubuhi limekuwa gumu? Karibu wote hujibu kwamba limekauka. Jibu hilo linatamkwa kwa urahisi kwa sababu limezoeleka, lakini ndani yake mna kosa ambalo huwagharimu wenye nyumba fedha nyingi. Fundi anayeamini kwamba zege hukauka hulitafutia jua na upepo, na akiliona limekuwa jeupe hufurahi. Fundi anayejua kwamba zege huganda hulitafutia maji na kivuli, na akiliona limekuwa jeupe siku ya pili huingiwa na wasiwasi. Nimeyaandika haya kwa ajili ya ninyi mnaoanza, wavulana kwa wasichana, ili neno kuganda likae vizuri vichwani mwenu kabla mikono yenu haijazoea mazoea ya watu wengine.

Kuganda ni neno la Kibantu, na wakazi wa pwani walikuwa wakilitumia kabla ya mfuko wowote wa saruji kushushwa kwao. Maziwa yaliyoachwa kibuyuni huganda, ndiyo maana tunasema maziwa ya mgando. Damu huganda juu ya jeraha. Uji uliosahauliwa sufuriani huganda, mafuta ya nazi huganda katika asubuhi za baridi za mwezi wa Julai, na maji yakipata baridi ya kutosha huganda yakawa barafu. Ukiyatazama matumizi yote hayo utaona jambo moja linaloyaunganisha, nalo ni kwamba kitu kilichokuwa kikitiririka kimeshikana chenyewe kwa chenyewe mpaka kikapata umbo. Maana hiyo haidai hata kidogo kwamba maji yameondoka. Maziwa ya mgando yana maji karibu yote yaliyokuwamo tangu awali, na barafu ni maji matupu. Kukauka ni habari nyingine kabisa: ni kupoteza maji, iwe kitu hicho kimekuwa kigumu au hakikuwa.

Neno hili lina ukoo mpana, na kila mwanaukoo ana kazi yake mahali pa ujenzi. Ukiligandisha jambo, umelifanya ligande. Kiambishi -am-, kile tunachokisikia katika vitenzi kama inama, tuama na fungamana, huonyesha kitu kilichoingia katika mkao fulani kikabaki hivyo. Kwa hiyo kugandama ni kung'ang'ania juu ya kitu kingine, na kugandamana ni vitu kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kisha kuna kugandamiza, yaani kushindilia au kubana kwa nguvu. Sasa litazameni zege. Uji wa saruji huganda. Mchanga na kokoto hugandamana ndani yake. Mchanganyiko wote hugandama kwenye nondo. Na fundi huugandamiza kwa fimbo au kwa mashine ya kutetemesha ili hewa itoke. Naona fahari kwamba ukoo mmoja wa neno letu unaeleza kazi nzima bila kuazima. Kiingereza, kwa upande wake, kililichukua jina la zege kutoka Kilatini, katika kitenzi concrescere chenye maana ya kukua pamoja, na wazo hilo halipishani sana na la kugandamana.

Saruji yenyewe tumeirithi jina lake kutoka Kiajemi. Huko sāruj lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa, udongo na majivu, uliotumiwa kujengea mabirika ya kuhifadhia maji na mifereji, na Waomani nao waliutumia katika mifereji yao ya kumwagilia. Zingatieni mahali ulipotumiwa: ndani ya maji. Waliolileta jina hilo kwetu walikuwa wakitaja kitu kinachosifika kwa kuwa kigumu mahali penye maji, na sifa hiyo ndiyo ninayotaka muikumbuke kila mnapofungua mfuko.

Kabla sijaingia kwenye saruji ya leo, nitenganishe aina mbili za kuganda, kwa kuwa wanafunzi wengi huzichanganya. Kuna kuganda kunakorudi na kuganda kusikorudi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ukiiweka chupa juani yanayeyuka yakawa kama yalivyokuwa. Barafu nayo ni hivyohivyo. Lakini maziwa yaliyoganda huwezi kuyarudisha kuwa maziwa mabichi kwa kuyapasha moto, na damu iliyoganda haiwi tena damu inayotiririka, kwa sababu ndani yake kimeundwa kitu kipya ambacho hakikuwapo. Saruji iko katika kundi hili la pili. Udongo wa nyumba zetu za miti hauko katika kundi lolote kati ya haya mawili. Udongo hukauka, na mvua ya masika ikiupiga ukuta usio na baraza hurudi kuwa tope. Kijana anayetaka kupima tofauti hii asisome sana: atumbukize kipande cha udongo mkavu na kipande cha zege la mwezi mmoja ndani ya ndoo ya maji, aviache usiku kucha, kisha avitazame asubuhi. Nguzo za Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuvuka Mto Ruvuma kuelekea Msumbiji, zimesimama mtoni miaka yote hii. Kama ugumu wa zege ungetokana na ukavu, daraja hilo lisingeweza kuwapo.

Mkoani Lindi kuna ushahidi wa kale zaidi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji uliokuwa na utajiri mkubwa, na magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, ambayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa ina njia yake ya kuganda. Jiwe la chokaa au tumbawe likichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kabonidayoksaidi na kubaki chokaa kali. Ikimwagiwa maji huchemka kwa kishindo na kuwa chokaa iliyozimwa. Kisha ikipakwa ukutani huanza kuinyonya tena hewa ileile iliyoipoteza tanuuni, na pole pole inarudi kuwa jiwe. Kuganda huko huanzia nje kuelekea ndani, na katika ukuta mnene huchukua miaka. Hata hapo unyevu unahitajika, kwa sababu chokaa iliyokaushwa haraka na jua haipati nafasi ya kuinyonya hewa hiyo, na hubaki unga unaotoka kwa kidole. Wajenzi wa Kilwa na wa Mikindani walilijua hilo kwa mikono yao. Ninawasihi tu kwamba heshima kwa kazi yao isiwe sababu ya kuchoma matumbawe leo: miamba hiyo ndiyo mazalia ya samaki, inachukua miaka mingi mno kukua, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kuilinda pamoja na viumbe wengine wa pwani yetu.

Saruji tunayoitumia sasa ilitokana na juhudi za kutafuta chokaa inayoweza kuganda chini ya maji, bila kungoja hewa. Mwaka 1756 mhandisi John Smeaton, akitafuta nyenzo za kujengea mnara wa taa katika mwamba wa Eddystone, baharini kusini-magharibi mwa Uingereza, aligundua kwamba chokaa iliyotokana na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake huganda majini vizuri kuliko ile iliyo safi. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya saruji aliyoiita Portland, kwa kuwa ilipokuwa ngumu ilifanana na mawe ya ujenzi ya Portland. Jina hilo bado limeandikwa kwenye mifuko mnayoibeba. Kiwandani, kama kile cha Dangote kilichopo Hiari, nje ya mji wa Mtwara, mawe ya chokaa na udongo husagwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1450 hivi mpaka yanakuwa madonge magumu yaitwayo klinka, na klinka husagwa pamoja na jasi kidogo. Jasi ni lile jiwe jeupe laini linalochimbwa pia Kilwa, na kazi yake ni kuchelewesha kuganda. Klinka iliyosagwa peke yake ikikutana na maji ingeweza kushika papo hapo kabla hujageuza koleo mara ya pili.

Maji yakiingia, chembe za saruji huanza kuungana nayo. Juu ya kila chembe huota vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyorefuka na kupenyezana na vile vya chembe jirani, mpaka nafasi iliyokuwa na maji inajazwa na kitu kigumu. Maji hayakutoka, yamefungwa, yamekuwa sehemu ya jiwe. Joto hutoka wakati huo, nanyi mnaweza kulihisi mkiweka kiganja juu ya msingi mnene saa chache baada ya kumwaga. Maji yakiisha kabla chembe hazijamaliza kazi yake, kuota kunasimama, na chembe nyingi hubaki zimelala ndani bila kutumika. Wataalamu wamepima wakaona kwamba unyevu ndani ya vitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kazi hiyo inakaribia kukoma kabisa. Yaani zege lililokaushwa mapema ni zege lililokatizwa.

Hapa inafaa mjue maneno ya mafundi, kwa kuwa wenzenu kazini hawatasema kuganda tu. Watasema zege limeshika, limekaza, limekomaa. Mimi huyapenda maneno hayo, kwa sharti kwamba kila moja litumike mahali pake. Kushika ni pale zege linapoacha kuwa uji: ukilisukuma halirudi lilipokuwa, lakini ukucha bado unaingia. Kukaza ni pale unapoweza kulikanyaga bila kuacha alama. Kukomaa ni safari ndefu inayofuata, inayohesabiwa kwa wiki. Katika maabara kushika hupimwa kwa kifaa chenye jina la mhandisi Mfaransa Louis Vicat: sindano nyembamba yenye mzigo wa gramu 300 huachiwa izame katika uji wa saruji wenye kina cha milimita 40, inapokomea milimita chache kabla ya kufika chini, saruji inasemwa kwamba imeanza kushika, na inapozama nusu milimita tu, imemaliza. Kwa saruji yenye alama ya 32.5 muda wa kuanza kushika hautakiwi kuwa chini ya dakika 75, na kwa ile ya 42.5 usiwe chini ya dakika 60. Vipimo hivyo hufanywa kwenye chumba chenye ubaridi wa nyuzi 20. Kwenye jua la saa saba mchana hapa Mtwara, karai likiwa la moto na mchanga ukiwa umeachwa wazi tangu asubuhi, msitegemee kupewa muda wote huo.

Alama hizo nazo zina maana. Namba 32.5 au 42.5 inataja nguvu ya saruji, kwa nyutoni (kipimo cha kani) katika kila milimita ya mraba, katika kipande cha majaribio kilichofikisha siku 28. Herufi inayofuata, N au R, inaonyesha kama inakaza kwa mwendo wa kawaida au kwa haraka katika siku za mwanzo. Siku 28 zimechaguliwa kwa sababu kufikia hapo sehemu kubwa ya ukomavu imepatikana, ingawa zege huendelea kuongeza nguvu polepole kwa miezi kadhaa likipata unyevu. Kufikia siku ya 7, zege lililotunzwa huwa na takribani theluthi mbili ya nguvu hiyo. Lisilotunzwa linaweza lisifike kamwe.

Tuje kwenye maji ya kuchanganyia, kwani neno kuganda linadai maji lakini halidai maji mengi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, na hesabu hiyo inajumlisha maji yaliyomo tayari katika mchanga uliolowa. Kila lita inayozidi haina chembe ya kuungana nayo. Itakaa katikati ya zege, na siku itakapotoka itaacha tundu. Zege jepesi kama uji wa mgonjwa linafurahisha kumwaga kwa sababu linajisambaza lenyewe, na kibarua aliyechoka atawaomba muongeze ndoo moja tu. Msikubali. Kama halisambai vizuri, geuzeni zaidi, punguzeni ukubwa wa kokoto mahali penye nondo nyingi, au muongeze maji na saruji kwa pamoja. Tena yapo maji mabaya zaidi ya hayo, nayo ni yale yanayoongezwa baada ya mapumziko ya chakula. Zege lililokwisha kuanza kushika likivunjwavunjwa kwa koleo na kumwagiwa maji ili lilainike, vile vitu vilivyokuwa vimeota vimekatwa, na havioti tena kwa nguvu ile. Changanyeni kiasi mnachoweza kukimaliza ndani ya saa moja, na lililobaki likishika, litupeni shimoni. Najua inauma kutupa saruji iliyonunuliwa, lakini inauma zaidi kuivunja lenta.

Sakafu ina majaribu yake. Baada ya kumwaga na kusawazisha, maji hupanda juu na kuufanya uso ung'ae. Mwanafunzi mwenye haraka hunyunyiza saruji kavu ili iyanyonye maji hayo na apige niru, yaani aulainishe uso kwa saruji, mara moja. Matokeo yake ni ngozi laini yenye maji mengi chini yake, inayomenyuka kabla ya mwaka kwisha. Subirini mng'ao uondoke wenyewe. Kisha kanyageni ukingoni taratibu. Unyayo ukizama milimita 5 hivi, ndio wakati wa kuanza kusugua. Na kama upepo wa kusi unavuma sana, mng'ao utapotea upesi kuliko saruji inavyoganda, na ndipo mtakapoona nyufa nyembamba zikitambaa juu ya uso ambao bado ni laini. Nyufa hizo ni alama ya kukauka kulikoitangulia kazi ya kuganda. Zuieni upepo kwa turubai, lowesheni ardhi au mbao kabla ya kumwaga, na inapowezekana anzeni jioni, ili zege lipitishe saa zake za kwanza usiku.

Sasa nifikie jambo ambalo naliona kuu kuliko mengine yote, yaani kulimwagilia zege baada ya kukaza. Katika miji ya pwani maji yanapatikana kwa namna moja au nyingine, lakini kwenye Uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, ambako mito haipiti juu ya ardhi na maji husukumwa kutoka vyanzo vya mbali kama Mitema, ndoo ya maji ina bei. Mwenye nyumba anayenunua maji ya kunywa kwa ndoo atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini anunue mengine ya kumwaga juu ya kitu ambacho tayari kimekuwa kigumu. Mama mmoja wa Tandahimba aliniuliza hivyohivyo: "Fundi, zege si limeshakuwa gumu, maji ya nini tena?" Nikamjibu, "Mama, limeshika tu, bado halijakomaa." Kisha nikamwonyesha. Jamvi lake, yaani zege la sakafu ya chini, lilikuwa limefunikwa kwa viroba vilivyolowa, isipokuwa ukanda mmoja karibu na mlango ambako viroba vilikuwa vimepeperushwa na upepo kwa siku kadhaa. Nilichukua msumari nikaukwaruza ukanda ule ulioachwa wazi: ulitoa unga mweupe, na mtaro ulibaki ukionekana. Nikaukwaruza upande uliofunikwa kwa nguvu ileile: msumari uliteleza na kuacha mstari wa kijivu uliofutika kwa kidole. Hakuuliza tena, alimtuma kijana wake alete maji, na yeye mwenyewe akaanza kuviweka mawe juu ya pembe za viroba.

Kwa hiyo jifunzeni kumwagilia kwa akili, hasa mahali ambapo maji ni ghali. Kurusha maji kwa kopo mara tatu kwa siku juu ya jamvi lililo wazi ndiko kunakopoteza maji mengi zaidi, kwa sababu jua linayachukua kabla hayajaingia. Afadhali mzungushie kingo ndogo za udongo na kutuamisha maji, au mtandaze mchanga wa unene wa vidole viwili na kuulowesha, au mfunike kwa viroba vilivyolowa na kuweka nailoni juu yake, pembeni mkizibana kwa mawe. Chini ya nailoni iliyobanwa vizuri unyevu hukaa muda mrefu, na ndoo mbili zinaweza kufanya kazi ya kumi. Nguzo husahauliwa kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa maji hayatuami juu yake. Zizungushieni viroba, zifungeni kamba, na kuvilowesha kuanzia juu. Siku 7 ni kiwango cha chini. Siku 14 ni bora kwa lenta, nguzo na sakafu za juu. Gharama ya maji hayo iandikwe katika makisio tangu mwanzo, kwenye mstari wake wenyewe, ili mwenye nyumba aijue kabla ya kazi kuanza na asione kwamba anatozwa fedha za ziada.

Wafyatuaji wa matofali wanahitaji neno la peke yao. Kando ya barabara nyingi za mikoa yetu mtayaona matofali ya saruji yamepangwa juani asubuhi baada ya kufyatuliwa, na siku ya tatu yanapakiwa garini. Yanaonekana makavu na mnunuzi anaridhika. Tofali la namna hiyo likivunjwa, mara nyingi kingo zake hubomoka kwa vidole hata kama katikati ni gumu, kwa sababu kingo ndizo zilizopoteza maji kwanza. Ukianza kazi hiyo, funika matofali usiku wa kwanza, yamwagilie kwa wiki nzima chini ya kivuli, na usiyauze kabla. Nawasihi wanunuzi pia waulize tofali limemwagiliwa siku ngapi kabla ya kuuliza bei.

Mchanga wa ufukweni uacheni ufukweni. Zege lenye chumvi linaweza kuganda, tena kwa haraka, na hapo ndipo linapodanganya, kwani chumvi hiyo huendelea kuila nondo ndani kwa ndani. Kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, na siku mwenye nyumba anapouona ufa nondo imekwisha kupungua. Maji ya visima vya karibu na bahari yaonjeni kabla ya kuyatumia, yawe ya kuchanganyia au ya kumwagilia. Mifuko ya saruji iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ikifunikwa, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kuanza kuigandisha saruji ndani ya mfuko. Mfuko wenye madonge yasiyovunjika kwa vidole usiutumie mahali pa kubeba uzito, hata kama umeuchekecha.

Kuhusu kuondoa mbao za kumwagia zege, msiruhusu haja ya mbao kwa ajili ya nyumba nyingine iwaamulie. Mbao za pembeni mwa lenta au nguzo zinaweza kutolewa siku inayofuata, kwa kuwa hazibebi uzito, na mara zikitolewa zege lifunikwe papo hapo. Miti inayotegemeza sakafu ya juu au lenta ndefu ibaki siku 14, na kwa masafa marefu siku 21. Ondoeni mti mmoja mmoja, mkianzia katikati ya masafa kuelekea kwenye nguzo, na kwa kibaraza kinachoning'inia anzeni ncha ya nje kurudi ukutani, mkisikiliza na kutazama kabla ya kugusa mti unaofuata.